Nani Aliigusa Nguo ya Nuruana?

Sogeeni mnisikie, lakini kila mtu aweke mkoba wake mahali anapouona. Sisemi kwamba humu kuna mwizi. Nasema tu kwamba mimi nikisimulia huwa natazama mikono ya watu, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtanielewa.

Tanga, pale Chumbageni, palikuwa na timu ya mbio za viatu vya magurudumu. Kocha wao aliitwa Shekalaghe, mtu mpole ambaye hata ukimpitishia magurudumu kwenye vidole anakuuliza kama umeumia. Nguo za timu hiyo zilikuwa mikononi mwa watu watatu.

Bi Mwanjaa, fundi cherehani, alijaliwa jicho. Akikuona unapita tu anajua nguo yako itakubana wapi. Mhina, muuza mitumba, alijaliwa vidole. Alitia mkono ndani ya robota huku anaongea na mteja, akajua hiki kitachuja, hiki kitavutika na kurudi. Kidawa, aliyekuwa mkimbiaji wa magurudumu kabla goti halijamkatalia, alijaliwa sikio. Timu ikipita nyuma yake, alijua gurudumu la nani limelegea na nguo ya nani inapepea.

Na kuna kitu kimoja walijaliwa wote kwa kipimo kile kile. Hawakuaminiana hata chembe.

Hapo mwanzo timu ilivaa fulana pana na bukta za mpira. Wakishika kasi, upepo unaingia shingoni, fulana inafura, kila mmoja anakimbia kama amebeba mto mgongoni. Walikuwa wa mwisho kila mahali, na walishazoea.

Bi Mwanjaa ndiye aliyekuja kwanza. Aliwaona wakipita mbele ya kibanda chake, akaudhika kabisa.

"Nguo hizi zimekatwa kwa ajili ya watu waliosimama," akamwambia Kocha. "Hawa wako mbona hawasimami?"

Akawaita ndani, akawapima wakiwa wameinama, mikono nyuma, huku wateja wake wakicheka mpaka machozi. Akaunganisha shati na suruali kuwa vazi moja, mgongo mrefu, tumbo fupi. Mwaka ule waliacha kuwa wa mwisho.

Mhina alikuja baada yake. Kitambaa cha Bi Mwanjaa kilikuwa kizito, kikivutika hakirudi, magotini panabaki vifuko. Mhina akachambua marobota yake akitafuta nguo za kuogelea na za waendesha baiskeli, zilizochakaa huku na kupona kule. Akakata palipopona, Bi Mwanjaa akaunga. Timu ikatokea barabarani na rangi zote za sokoni, wapinzani wakawabatiza jina la Viraka. Mwaka ule Viraka walirudi nyumbani na medali.

Kidawa akaja mwisho. "Bado nasikia kitu kinapiga," alisema. Ilikuwa mitandio ya wasichana, inachomoka chini ya helmeti na kupepea shingoni. Akashona kofia laini iliyoungana na vazi lenyewe, na akataka wavulana nao waivae, asije msichana yeyote akanyooshewa kidole. Wapinzani wakaanza kunong'ona. Msimamizi mmoja wa mbio alizifunua kofia zote, akitafuta sijui mashine gani, akakuta nywele na jasho.

Kisha ikaja aibu ya mbio za Moshi.

Nuruana alikuwa binti mwenye kasi kuliko wote katika timu. Huko Moshi aliinama kuikata kona, na vazi likapasuka mgongoni, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, umma wote ukitazama. Alitolewa barabarani amefunikwa kanga ya mama asiyemjua. Mhina akasema ni uzi wa Bi Mwanjaa. Bi Mwanjaa akasema ni matambara ya Mhina. Wakapatana kwa muda mfupi kwamba ni kofia ya Kidawa inayovuta mgongo. Kidawa akajibu kwamba tangu ajiunge nao hajawahi kuwaona wakipatana, na hilo peke yake linamtia shaka.

Vazi likashonwa upya, lakini Nuruana hakuinama tena. Alikimbia nusu wima, akapitwa na watu aliokuwa akiwaacha. Akamwambia Kocha, "Likipasuka tena, mimi basi. Navua viatu na sirudi." Kocha alimjua. Akaweka sharti kwamba vazi likishakaguliwa, hakuna mkono wa fundi kuligusa tena mpaka mbio ziishe.

Wakaenda Dodoma kwenye mbio za taifa. Vazi la Nuruana likakaguliwa, likatundikwa kwenye chumba cha vifaa katika nyumba ya wageni. Timu ikatoka kwenda kula mchana kwa mama ntilie.

Wali ulikuwa haujafika mezani Bi Mwanjaa akasema amesahau miwani. Akaenda, akakawia, akarudi.

Samaki alikuwa amefika Mhina akasema simu yake imezima, anaiweka kwenye chaji. Akaenda, akakawia, akarudi.

Wenzao walikuwa wananawa mikono Kidawa akasema adhuhuri inampita, anakwenda kuswali. Akaenda, akakawia, akarudi.

Sijasema kitu. Nasimulia tu nani aliondoka na nani alirudi.

Jioni Nuruana alilishusha vazi lake akalitazama kwa muda mrefu. "Nililitundika uso ukiwa ukutani," akasema. "Sasa uso uko kwangu. Nani amelishika?"

"Si mimi," alisema Bi Mwanjaa.

"Si mimi," alisema Mhina.

"Wallahi si mimi," alisema Kidawa, na wenzake wakamtazama, maana wao hawakuapa.

Hapakuwa na vazi jingine la kumfaa. Kocha alilivuta huku na huku, likakaa imara, lakini nani wa kumsadiki? Nuruana alilivaa asubuhi yake akiwa na hofu tupu. Ndani alivaa fulana ya zamani ya timu, ile ya kufura, ili likipasuka asionekane mwili.

Alianza nusu wima kama kawaida yake. Wenzake wakampita, naye akawarudia mmoja mmoja kwa nguvu za miguu tu. Kwenye kona ya mwisho akabaki nyuma ya msichana mmoja wa Arusha, na akaona kwamba akibaki wima ameshindwa, akiinama huenda akaaibika. Akaamua. Akajikunja mpaka kifua kikagusa mapaja, akisubiri ule mlio alioujua. Haukuja. Alimpita yule wa Arusha kwa kiasi cha gurudumu moja, na akavuka mstari akilia.

Taarifa ikafika kwamba timu moja ya ng'ambo, nchi ya baridi ambako maji ya mtaroni huganda watu wakayatelezea, inamwalika Nuruana, kocha wake, na mtu mmoja wa kutunza vazi lake. Mmoja tu. Kocha akawaita wale watatu, akamweka Nuruana pembeni yake.

"Nauliza tena," alisema. "Dodoma, nani aliligusa vazi?"

"Mimi," alisema Bi Mwanjaa.

"Mimi," alisema Mhina.

"Mimi," alisema Kidawa. Safari hii hakuapa.

Mnaona watu hawa? Kukiwa na lawama, hakuna mwenye mikono. Kukiwa na ndege, kila mtu ana mikono miwili. Kocha naye hakuwasadiki, akaligeuza vazi ndani nje.

Bi Mwanjaa akaonyesha mshono wa mgongo, uliopigwa juu ya mshono. Akatoa mkobani uzi wa zamani alioufumua. Kocha aliuvuta kidogo ukakatika.

Mhina akaonyesha kipande chini ya kwapa, kipya, cha rangi ile ile. Akatoa mfukoni kile cha zamani. Kocha alikivuta kikachanika.

Kidawa akaonyesha shingo, pale alipoongeza ukanda ili kofia isivute mgongo. Akatoa utepe wa zamani alioutoa. Ulikuwa umekaza na kukauka, ukivutwa hauendi popote.

Kila kimoja kilikuwa kibovu. Kama mmoja tu wa watu hawa angekula wali wake akatulia, mgongo ule ungefunguka pale pale kwenye kona ya mwisho.

"Kwa nini hamkusema?" aliuliza Kocha.

"Ningesema, wangesema Moshi ilikuwa kosa langu," alijibu Bi Mwanjaa. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, na nadhani hiyo ndiyo mara yao ya pili kupatana.

Nuruana akamgeukia Kocha. "Kocha, huko tunakokwenda sina mama wala ndugu," alisema. "Huyo mmoja ndiye atakayekaa na nguo yangu mimi nikiwa nimelala. Simtaki aliye hodari kuliko wenzake. Namtaka ambaye hakunidanganya."

"Basi hayupo," alisema Kocha.

"Na kama tungekuambia ukweli siku ile," Kidawa akamuuliza Nuruana, "ungetuacha tulishike?"

Nuruana akafikiri. "Nisingewaacha," akasema, na uso wake ukaonyesha kwamba jibu lile limemuuma.

Mhina akasema akibaki yeye, anatoa kitambaa chake chote kwenye vazi. Bi Mwanjaa akasema akibaki yeye, anafumua mishono. Kidawa hakutisha mtu. Alisema tu kwamba sikio lake litakuwa Tanga na vazi litapiga kelele ng'ambo. Kocha Shekalaghe akawaambia warudi kesho, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alifunga mlango kwa kishindo.

Hadithi yangu imefika ukutani, haina pa kupita. Aliyeanza ni Bi Mwanjaa, lakini mgongo wake bila kitambaa ungekuwa gunia. Aliyeleta wepesi ni Mhina, lakini wepesi bila mshono ni matambara. Aliyeleta utulivu ni Kidawa, ambaye alidanganya na kuapa juu yake, na ambaye aliuliza swali la kweli kuliko wote. Mtu mmoja nilipomsimulia alisema asiende yeyote, Nuruana ashike nguo yake mwenyewe. Nikamwuliza, akiwa ameivaa, mgongo wake atauona kwa jicho gani?

Nimewaona pia nyinyi. Tangu nianze kusimulia, kila mmoja wenu ameuvuta mkoba wake karibu zaidi. Basi nijibuni mkiwa hivyo hivyo. Kama nguo ile ingekuwa yako, na aibu ile ya Moshi ingekuwa yako, ungeiacha mikononi mwa nani kati yao, ukageukia ukutani ukalala?