Mkurugenzi wa Kichuguuni

Paukwa. Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Haya tena, paukwa. Pakawa.

Hapo kale za kale, ukoo wa nguchiro uliishi chini ya kichuguu. Desturi yao ilikuwa hii: wenzake wakila panzi, kiongozi husimama juu ya kichuguu, tumbo tupu, macho angani. Akimwona tai, hupiga mluzi. Wote shimoni.

Siku moja kiongozi wao, Kirungu, akapita karibu na ofisi za watu, akasikia mkubwa wa pale akiitwa Mkurugenzi. Jina likamnogea. Aliporudi akatangaza kuwa yeye sasa ni Mkurugenzi, na Mkurugenzi hapandi kichuguu, anateua. Akateua Naibu, akaketi kivulini na panzi wake.

Sasa palikuwa na mama mmoja, Sikudhani, mwenye mtoto anayechechemea, Tepe. Wenzake wakikimbia, Tepe hujikokota. Bila mluzi wa mapema, huyo ni kitoweo.

Kivuli cha tai kikapita juu ya nyasi. Sikudhani akatazama kichuguuni. Kitupu. Akamwendea Mkurugenzi, akaambiwa amwone Naibu.

Kivuli kikapita tena, chini zaidi. Naibu akasema hiyo kazi ameshampa Msaidizi.

Kivuli kikapita mara ya tatu, nyasi zikalala. Msaidizi, mdomo umejaa, akasema anangoja agizo la Mkurugenzi.

Sikudhani akamtazama mwanawe. Akibaki naye, watakufa wote wawili.

"Tepe, nenda shimoni. Usigeuke kunitazama mimi."

Akapanda kichuguu, akapiga mluzi.

Wote wakatimua mbio. Tepe akajikokota, akajikokota, akaingia. Mkurugenzi alitembea taratibu, tumbo mbele.

"Mkubwa hakimbii mbele ya watu," alimwambia Naibu, aliyekuwa ameshampita.

Tai akamchukua na cheo chake.

Kesho yake Sikudhani alikuwa juu ya kichuguu. Msaidizi akaja, mkia chini.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Kula upesi, zamu yako inafuata. Ukishuka kabla mwenzio hajapanda, nitakung'ata mimi, tai atakuta mifupa."

Basi wajukuu zangu, mkurugenzi ni yule anayesimama juu ili wengine wale. Anayekaa kivulini ni mlaji tu, mwite utakavyo.

Hadithi yangu imeingia shimoni salama. Nanyi inukeni, mmenikalia mkeka.