Kisima cha Watu wa Kanzu Nyeupe

Someni hii mkipata pa kukaa, kisha mpelekeeni yeyote mwenye kisima nyumbani.

Kulikuwa na kijiji cha waumini waliovaa kanzu nyeupe. Walikuwa na kisima chao wenyewe, kilichoombewa na kiongozi wao, Mzee Obadia. Kabla ya ibada kila mtu alinawa miguu kando ya kisima hicho, asije akaingia mbele za Mungu na uchafu.

Watoto wa hapo hawakuisha kuhara. Yerusha alikuwa ameshazika mmoja, na sasa Hagai, aliyebaki, hakuweza hata kuketi. Muuguzi alimwambia achemshe maji. Mumewe alikataa, kwa kuwa Mzee alifundisha kwamba kuchemsha maji yaliyoombewa ni kumwambia Mungu hakumaliza kazi.

Yerusha akaenda kwa Mzee mwenyewe. Akaambiwa azidishe kufunga.

"Nimefunga, Baba. Na mtoto hali kitu. Tumefunga wote."

Mzee akamwambia aende kwa amani.

Hakuwa na nguvu za kubishana. Jioni, wenzake walipokwisha kunawa na kuingia ibadani, alichukua buluu yake yote ya kufulia kanzu, akaimwaga pale wanaponawia miguu.

Asubuhi ndoo ilitoka kisimani na maji ya rangi ya samawati. Watu wakapiga magoti. Mzee Obadia akasema hiyo ni rangi ya mbinguni, akaomba kikombe cha kwanza.

"Usinywe, Baba," Yerusha alisema. "Ni buluu ya kanzu. Niliimwaga jana pale tunaponawa."

Mama mmoja akamlaumu kwamba amechafua kisima cha Bwana.

"Mimi nimetia rangi tu, dada. Njia niliikuta."

Mzee alikitazama kikombe. "Kwa hiyo siku zote tumekuwa tukinywa..."

"Miguu yetu, Baba. Na yako imo."

Mzee akayamwaga yale maji, akamgeukia mume wa Yerusha.

"Nenda kawashe moto," akamwambia. "Mtoto wako anasubiri maji."

Hagai alipona. Yule wa kwanza hakurudi.

Funzo: Aliyetupatia kisima ndiye aliyetupatia na kuni. Omba, kisha chemsha.