Mkasi wa Mize

Palikuwa na Sultani mmoja, akiitwa Badi, aliyetaka kuwakata watu wake vidole gumba vya miguu. Hakuwa na ugomvi nao. Ila kila alipoongeza siku za kumlimia shamba bure, asubuhi zilikutwa nyumba tatu nne tupu, wenyewe wamevuka mto na kuku wao. Mimi ningevuka pia, na kuku sina. Zilipofika siku tano kwa juma, Sultani akasema dawa ni kuwapunguza mwendo.

Waziri wake, ambaye hajawahi kufungua mzinga, akamwambia: "Yupo mwanamke, Mize, anafuga nyuki uani. Hukata bawa kwa mkasi, na kundi zima halihami."

Mize akaletwa na mkasi wake. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi limefunga.

"Ndiye huyu fundi?" Sultani akauliza.

"Fundi ni neno kubwa, Bwana wangu. Jana nyuki wangu mwenyewe aliniuma, na nilikuwa nimempisha njia."

"Mkono wako hautetemeki?"

"Hutetemeka. Namshika hapa mabegani, maana tumboni ukimbonyeza umemuua. Hapo hutulia. Anatulia yeye, mimi bado."

"Umewahi kukosea?"

"Mwaka wa kwanza. Nilimkata dume mmoja mnene nikidhani ndiye. Adhuhuri kundi lote likaondoka. Tukabaki mimi na dume, tunatazamana."

Baraza likacheka. Sultani naye akacheka mpaka akafuta macho. Alimwona mjinga, na mjinga ndiye aliyemfaa.

"Sasa sikiliza. Nje wamepangwa wanaume mia mbili. Wafanyie kama unavyofanya mzingani. Ukikataa, mzinga nautia moto, na mumeo anakatwa miguu yote miwili."

Mumewe Kombo alikuwa wa kwanza katika safu. Maisha yake yote alichelewa kila alikoitwa, isipokuwa siku hiyo.

Mize akasema: "Nitafanya, Bwana wangu. Ila mimi ni mtu wa kusahau, heri niulize mbele ya watu. Nifanye vilevile kama mzingani, au nibadilishe?"

"Vilevile. Usiongeze, usipunguze."

"Na askari asinizuie katikati, nikashtuka nikakata pabaya."

"Atakayekuzuia nitamkata kichwa. Waziri, umesikia?"

"Nimesikia," waziri akasema, na askari wote wakarudi nyuma hatua moja.

"Basi nivumilie kwa maswali, nisije nikarudia yale ya dume. Katika mji huu, nani halimi?"

"Mimi silimi."

"Nani hulishwa na wenzake?"

"Unaona nani mwingine hapa? Mimi."

"Na mkubwa ni mmoja tu, au wapo wawili?"

"Mmoja," Sultani akasema, akajinyoosha kitini. "Mimi."

"Alhamdulillahi. Mwaka huu sikosei."

Mize akapiga magoti mbele ya kiti cha enzi, akafungua mkasi, akaanza kupapasa chini ya kanzu.

"Wanaume wako nje, mwanamke. Unatafuta nini miguuni pangu?"

"Wale wa nje ni vibarua, Bwana wangu. Mzingani kibarua simkati hata mmoja, nani ataleta asali? Hukatwa malkia peke yake, yule anayekaa ndani akilishwa. Vua makubadhi, na usitikisike. Jicho langu leo ni moja."