Karamu ya Mazimwi 10,004

Sogeeni karibu. Mwenye woga akae katikati, maana hadithi hii ina meno.

Walikuwepo watu watatu. Faki alikuwa na macho: akitupia kundi jicho moja, anakwambia idadi yake. Shebwana alikuwa na mdomo: angeweza kumuuzia kobe viatu. Mwatime naye alikuwa na kichwa: mtajie namba yoyote, atakwambia inagawanyika kwa ngapi. Woga pia alikuwa nao, wa kuwatosha wote watatu.

Siku hiyo Mwatime alikuwa ndani ya chungu cha mazimwi pamoja na wenzake, maji yakimfika kifuani, yameanza kuwa vuguvugu.

Sasa, mazimwi yana desturi yao. Hayali mpaka walaji wote wakae kwa safu zinazolingana. Safu moja tu ni ya matanga, na mlaji akikaa peke yake hiyo si safu. Akizidi hata mmoja, karamu imevunjika. Na mlaji ni yeyote aliyenawa mikono.

Faki alichungulia ukingoni. "Yapo 10,004."

"Shufwa," alisema Mwatime. "Yatakaa safu mbili. Tumekwisha, jamani."

"Akiongezeka mlaji mmoja?" aliuliza Shebwana.

"10,005. Inaishia na tano, basi safu tano."

"Wawili?"

"Shufwa tena."

"Na sisi sote watatu?"

Mwatime alifumba macho. Akajaribu tatu, saba, kumi na moja, akapanda hivyo hivyo hadi tisini na saba, huku maji yakimchoma mapaja.

"10,007," alinong'ona. "Haigawanyiki kwa chochote."

Shebwana akatoa kichwa nje. "Shikamoo, Mzee Zimwi. Mtu mzima na ndevu zako, unapika watu hawajanawa hata mikono? Wageni watakusemaje?"

Zimwi kuu likaona haya, likaleta birika. Watatu wakatoka chunguni, wakanawa.

Walaji wakapangwa kwa wawili: akabaki mmoja. Kwa watatu: wakabaki wawili. Kwa saba: wanne. Kila safu mpya ilipoanza, Mwatime aliacha kupumua. Ilipofika alasiri mazimwi yalikuwa yanatukanana tu.

Zimwi kuu likazima moto. "Karamu imevunjika, kila mlaji aende kwake. Ila ukivuka lango la uwanja huu si mlaji tena, na wenzangu huko nje wana njaa." Likavua hirizi shingoni. "Avaaye hii haguswi. Ninayo moja. Achukue aliyewaokoa."

"Bila macho yangu mngehesabu nini?" alisema Faki.

"Bila mdomo wangu mngekuwa mchuzi saa hizi," alisema Shebwana.

"Na bila..." Mwatime alianza. Nje alisikia mate yakimezwa.

Lango linafunguliwa. Haya, nyinyi mliokaa mbali na meno hayo: hirizi mngemvika nani?