Neno Lililoliwa na Hondohondo

— Nimebeba ngano, enyi mnaoota moto.
— Itue tuipokee.
— Mtairudisha kama ilivyo?
— Kama ilivyo, hatupunguzi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisemezana lugha moja, palikuwa na mto wenye kona tatu. Mpiga mbiu wa mto huo alikuwa ndege Hondohondo. Mfalme alimpa pembe, akaivaa juu ya mdomo, na sauti yake ikafika mbali kuliko sauti zote. Ila pembe ile ilikula pumzi, na Hondohondo hakupenda kuchoka.

Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi. Kila mmoja alimwomba Mungu mvua, na mbegu zilikaa vibuyuni zikingoja.

Asubuhi moja Kiboko, aliyekaa juu mtoni, akamwita Hondohondo. "Huku kumenyesha usiku kucha, mto unashuka na magogo. Kawaambie wa chini: maji makubwa yanakuja, pandeni kilimani."

"Hilo tu, mzee? Nimekwisha kulifikisha."

Akaruka. Kona ya kwanza akapuliza: "Maji makubwa yanakuja, pandeni kilimani." Wakapanda.

Kona ya pili, pumzi imepungua, akapuliza: "Maji yanakuja, pandeni kilimani." Wakapanda.

Kona ya tatu akauona mkuyu umejaa kuyu mbivu. Mate yakamtoka. Akapuliza: "Maji yanakuja, pandeni." Neno la mwisho akalimeza pamoja na kuyu ya kwanza.

Kona hiyo aliishi Mama Kanga na vifaranga wake. Yeye na Hondohondo walikuwa marafiki tangu utotoni. Aliposikia akafurahi. "Alhamdulillahi, mvua imefika. Wanangu, leteni mtama tukapande kando ya mto, penye udongo laini."

Chini ya mkuyu alikuwapo Sisimizi. "Bwana wa pembe," akauliza, "tupande nini? Au tupande wapi? Sisi wadogo hugusana papasi, hivi vipembe vya kichwani, na neno halijapokewa mpaka lirudishwe kwa aliyelileta."

"Mwenye masikio amesikia," Hondohondo akajibu, mdomo umejaa. "Leo nifundishwe kusema na mdokozi wa makombo?"

Sisimizi akamgusa mwenzake, mwenzake akamgusa mwenzake, hadi kona ya pili, na neno likarudi zima: kilimani. Wakapanda, mstari mmoja mweusi. Mmoja wao alikimbia akamparamia Mama Kanga mguuni. Kanga akamkung'uta. "Toka hapa, umefuata mbegu zangu wewe."

Hondohondo alimwona Kanga akishuka na kibuyu, wanawe nyuma yake. Akajiuliza, huyu aenda wapi? Akajijibu, nitamuuliza nikishiba.

Maji yakaja hajashiba.

Jioni akamkuta Kanga kilimani, peke yake, manyoya yametapakaa matone ya tope ambayo hadi leo hayajatoka.

"Ndugu yangu," Kanga akasema, "si ulituambia tupande?"

"Niliwaambia."

"Basi tulipanda."

Hondohondo akainamisha pembe yake. "Lilikuwapo neno moja zaidi, dada. Nililila. Tena nilikuona unashuka, nikaendelea kula. Nimemkosea Mungu, nimekukosea na wewe."

Kanga hakumtukana. Heri angemtukana. Aliingia majanini akiwaita wanawe, akiwaita, akiwaita, hadi sauti ikapotea.

Hondohondo akataka kuivua pembe ya mfalme, lakini ilikuwa imekwisha kushikana na mdomo. Tangu siku hiyo akiita hunyamaza, akatega sikio, akangoja kujibiwa. Mkewe humjibu. Lakini anayemngoja ni Kanga.

Funzo lake ni hili: ukipewa neno, umepewa roho za watu. Lifikishe zima, na usiondoke mpaka ulisikie likirudi.

— Ngano nimeitua. Imefika nzima?
— Nzima, tumeipokea.
— Basi nirudishieni niisikie. Na aliyesinzia pale kwenye kuyu, tafadhali, asiende kuisimulia kwa majirani.