Pambio la Maji ya Bomba

Jamani, acheni kwanza mnachofanya mnisikilize. Mimi hii nimehadithiwa nikiwa jikoni, nimecheka mpaka maharage yameungua.

Huko Mbeya kuna mtaa mmoja, jina siutaji, maji yao yanatoka yakijisikia. Leo alfajiri, wiki ijayo mchana. Yakitoka hujakinga, imekula kwako.

Sasa mtaani hapo kuna mama anaitwa Tusekile, mkaanga mihogo. Akicheka, kuku wanakimbia. Huyu mama, bomba lake likianza tu kukohoa, basi ni ye na Mungu wake! Anapiga makofi, anayarudi mpaka kanga inafunguka, na pambio lake la kujitungia: "Umetukumbuka, Baba, umetukumbuka!" Halafu vigelegele. Vinafika mpaka mtaa wa pili.

Jirani yake ni mzee wa kanisa, Mzee Ambakisye. Mtu wa tai. Tai hata akienda kununua chumvi! Siku moja akamwita pale ukutani.

"Mama Tusekile, sifa zina mahali pake. Jumapili, kanisani, kwa utaratibu. Mungu hasifiwi kwenye madumu!"

"Nisamehe, baba. Furaha ndo inanizidi."

"Basi ikuzidi kimya kimya."

Mama wa watu akatii.

Ijumaa maji yakatoka. Tusekile kabana mdomo, mabega ndo yanacheza yenyewe. Mtaa mzima kimya. Watu wako ndani wanaangalia tamthilia.

Kesho yake, Jumamosi, nani anatembelewa na wakwe? Mzee Ambakisye! Wanakuja kumposa binti yake, Subilaga. Mbuzi kachinjwa, mchele umechaguliwa. Mke wake anafunua pipa achote maji ya pilau... pipa linamtazama. Kavu!

"Baba Subilaga, tumeaibika! Jirani kaniambia maji yalitoka jana, hatukukinga!"

"Kwa nini hamkukinga?"

"Si Tusekile hakuimba!"

"Kuimba kwake na pipa langu vinahusiana nini?"

Mama akashika kiuno. "We unafikiri miaka yote hii maji tunajuaje? Mtaa mzima tunakinga kwa pambio lake! Sijui jana kapatwa na nini."

Mzee akalegeza tai. "Mimi ndo nilimwambia anyamaze."

Weee! Mke wake akamkabidhi ndoo.

Mzee huyo kwa jirani, na tai yake hivyo hivyo. Anaingia uani, anakuta maji kila mahali. Ndoo, beseni, sufuria, madumu, mpaka birika la chai limejaa!

"Mama, maji yote haya ya nani?"

"Hata mimi sijui, baba! Jana mdomo ulinyamaza, mikono ikakataa. Nikawa nakinga tu, nakinga tu. Nikasema mwenyewe atatokea."

"Ni sisi, mama. Hatuna hata tone. Kumbe mtaa wote tunasubiri uimbe ndo tukinge."

"Mimi?" Tusekile kicheko kikampasuka. "Mi nilidhani kila mtu anasikia bomba lake! Chota, baba, chota mpaka uchoke!"

Mzee akainama kuchota. Sijui nini kilimgusa pale, jamani. Mara kikasikika kitu kinanguruma: "Umetukumbuka, Baba..." Mzee Ambakisye! Sauti imepinda kama bati, lakini inatoka! Tusekile akadakia, vigelegele, makofi, wakatoka nje wote wawili, mzee kajitwika ndoo, maji yanamchuruzika mpaka kwenye tai, miguu nayo inacheza.

Getini, uso kwa uso na wakwe.

Mzee alitamani aingie ndani ya ile ndoo.

Bibi wa kijana anayeposa, kizee cha fimbo, akamtazama juu mpaka chini. "Huyu ndo baba wa binti?"

"Ndo mimi, mama."

Bibi akamshikisha mjukuu fimbo. Akapiga kigelegele kimoja, mbwa wa mtaa wote wakabweka!

"Njia nzima nimekuja na hofu mimi! Tuliambiwa baba wa binti hacheki, nikasema mtoto wetu anaoa kwenye msiba. Kumbe nyumba yenyewe ina furaha hivi? Lete ndoo nyingine na mimi nijitwike!"

Pilau ikaliwa, Subilaga akaposwa. Na mtaa ule sasa, maji yakitoka unasikia sauti mbili. Moja tamu. Nyingine ya Mzee Ambakisye, hiyo hata ulale kama gogo utaamka tu, hahaaa!

Mrushieni na yule wenu mkali mkali. Mnamjua.

Funzo: Usimwekee Mungu furaha yako mpaka Jumapili. Mshukuru hapo hapo na ndoo yako mkononi, maana kuna jirani anakinga kwa sauti yako na wewe hujui.