Lori Lililozama Uani kwa Chausiku

Chausiku alitaka uani kwake kumwagwe zege, lakini Fundi Lubuva, mtu wa majigambo, alikataa kutanguliza mawe chini yake.

"Huu udongo wa mfinyanzi, fundi. Zege la jirani limepasuka lote."

"Mama, udongo huu unabeba hata tembo!"

"Haya, baba. Basi ingiza lori lako, ule pilau kwanza."

Alipomaliza sahani ya tatu, lori lilikuwa limezama magurudumu yote. Lubuva alilia, akaagiza mawe, akayashindilia kutoka ukutani hadi getini ndipo lori likatoka.

"Ajabu! Mvua yenyewe haijanyesha!"

"Haijanyesha," alisema Chausiku. "Kabla hujaja nilifua nguo za watoto, nikamwaga maji hapo, nikafagilia vumbi juu. Sasa mawe tayari, fundi. Mwaga zege."